Kikombe cha Siku ya Tatu

Ipo Jumatano moja ninayoikumbuka, Mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyooa. Ilikuwa Kwaresima, saa nne asubuhi, mlima Kwaraa umevaa wingu lake kama kawaida, na mimi nimekaa kwenye benchi la Mzee Shabani, muuza kahawa pale sokoni Babati, kikombe mkononi. Kikombe chenyewe kidogo, hakijazi hata kiganja cha mtoto. Wapo watu waliopoteza mashamba kwa pombe, wengine wamepoteza nyumba kwa wanawake. Mimi nilipoteza kwa kikombe cha kahawa, na wala si kwa kukinywa. Kwa kukificha.

Kaa nikuambie. Mimi si mzee wa kutembelea fimbo bado. Nina miaka hamsini na miwili, na shule yangu iliishia darasa la tano kwa sababu baba alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watoto. Ni fundi baiskeli. Kwa hiyo usitegemee maneno ya kupambwa. Nitasema kilichotokea, na majina nitayataja, maana wenye majina hayo wanapita barabarani na watu wanawapa shikamoo.

Wa kwanza ni Sipriani. Watu walimwita Dokta Sipriani. Udaktari aliutoa wapi, Mungu anajua. Sisi tulimjua akipima mbegu za mahindi katika duka la pembejeo, njia ya kwenda Bonga. Akaondoka, akakaa Arusha miezi kadhaa, akarudi na koti jeupe na makopo ya unga wa kijani. Unga ule, alisema, unasafisha mwili kwa siku saba. Unaukoroga kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na katikati unakula matango, papai na mboga zisizo na chumvi. Nyama hapana. Sukari hapana. Majani ya chai hapana. Na kahawa, huyo ndiye shetani mwenyewe. "Kahawa ni kutu ya ini," alisema, na sisi tukatikisa vichwa kama watu waliowahi kuliona ini la binadamu.

Angekuja mwezi mwingine tungemcheka. Alikuja Kwaresima, na hapo ndipo alipotushika. Wa pili ni Mama Fausta, katibu wa jumuiya yetu ya Nakwa, aliyempa sebule yake na baraka zake juu. Alisimama akasema, ndugu zangu, Kwaresima tunasafisha roho, basi safari hii tusafishe na nyumba ambamo roho inakaa. Tukapiga makofi. Kuanzia hapo unga wa kopo ukawa mfungo, na masharti ya Sipriani yakawa kama amri kumi za Mungu. Tuliapa, Mwanangu. Mke na mume walishikana mikono mbele ya picha ya Bikira Maria wakaahidi kwamba kila mmoja atakuwa shahidi wa mwenzake, na siku ya saba, Jumapili, tutoe ushuhuda mbele ya wote. Padri alikuwa ametuambia Jumatano ya Majivu kwamba mgonjwa hafungi. Tulimsikia vizuri. Ila padri hakuwa na kopo la kutuonyesha.

Mke wangu anaitwa Yulita, Mama Elias. Alikuwa na presha ya miaka mingi. Kila asubuhi alikunywa kidonge kimoja cheupe, kisha kahawa ya maziwa kikombe kimoja, hazidishi. Siku ile kwa Mama Fausta alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Dokta, na vidonge vyangu vya presha?"

Sipriani akacheka kile kicheko cha kumhurumia mtu. "Mama, utafagiaje nyumba huku unamwaga takataka? Vipumzishe siku saba tu. Ukimaliza utavirudisha hospitali wewe mwenyewe."

Watu wakacheka. Yulita naye akacheka, akaketi. Na mimi nilicheka. Hilo usilisahau tutakapofika mbele.

Jumatatu tukaanza. Kama hujanywa kahawa chungu miaka ishirini na tano, vikombe vinne hadi vitano kwa siku, huwezi kujua kuikosa ni nini. Saa nne kichwa kilianza kugonga nyuma ya macho. Jioni kilikuwa kinagonga kana kwamba kuna fundi mwenzangu humo ndani ananyoosha ringi kwa nyundo. Jumanne mikono ilitetemeka, nikamfungia mteja spoki ileile mbovu niliyokuwa nimetoka kuing'oa. Mama mmoja muuza ndizi alikohoa karibu yangu nikamtukana. Nilirudi nyumbani mapema nikajitupa kitandani kifudifudi, na upande wa pili nikamsikia Yulita naye anaugulia.

"Na wewe kichwa?" nikamuuliza.

"Kinapasuka. Naona na nyota."

"Ni kahawa hiyo."

"Kikombe kimoja ndicho kinanifanya hivi? Wewe wa vikombe vitano si ungekuwa umeshazikwa?"

Tukacheka kwa maumivu. Tulimpigia simu Sipriani, akasema hiyo ni sumu inatoka, tushukuru. Kichwa cha mnywa kahawa na kichwa cha mgonjwa wa presha, vyote viwili alivipa jina moja. Nasi tukashukuru. Tulilala pale kama magogo mawili, tunashukuru.

Sasa Jumatano ndiyo ile. Asubuhi nilizunguka soko kwa nyuma makusudi nisilione benchi. Lakini harufu haina mbele wala nyuma. Mzee Shabani alikuwa akitia tangawizi kwenye kahawa yake, na alikuwa na tabia ya kugonganisha vikombe viwili kwa vidole kuwaita wateja, sauti nyembamba kama ya kengele ya baiskeli mpya. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikakaa. Hakuniuliza kitu, akamimina. Nilipomeza, kichwa kilifunguka kama dirisha lililokwama tangu masika. Nikaanza kuona rangi za vitenge vya watu wanaopita. Nikanywa cha pili. Nikanywa cha tatu.

Pembeni yangu alikuwepo kijana wa bodaboda, wanamwita Mrefu. Akanikodolea macho.

"Baba Elias, si mlisema mnasafishwa? Au unga wa kijani umegeuka mweusi?"

"Kunywa yako, kijana."

"Poa, mzee. Ila mwambie Dokta sumu ya kwenye kikombe inaingia, haitoki."

Benchi zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, kisha nikamwambia Mrefu akilifikisha neno hilo Nakwa nitamvunja meno na baiskeli yake sitaigusa tena. Alijibu kwamba yeye hana baiskeli, ana pikipiki. Wakacheka upya. Hivyo ndivyo nilivyovunja kiapo changu, kwa vicheko. Kabla ya kurudi nyumbani nilitafuna karafuu tatu na majani ya mpera mpaka ulimi ukafa ganzi.

Mwanangu, hapa sogea karibu. Yulita alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kichwa amekikaza kwa kanga. Mkononi alikuwa na paketi ya vidonge vyake. Alikuwa hajaifungua, ameishika tu, anaigeuzageuza. Aliponisikia akainua uso.

"Kichwa chako vipi, Baba Elias?"

Jibu la kweli lilikuwa na maneno matatu: nimeshindwa, Mama Elias. Angenicheka wiki nzima. Angewaambia dada zake, nao wangenicheka mpaka Pasaka. Kisha angeifungua ile paketi, kwa sababu alikuwa anatafuta mtu wa kushindwa naye, na leo jioni angekuwa anapaza sauti kutoka jikoni kuniita nije nile. Mimi nikasema:

"Kimeacha chenyewe. Dawa inafanya kazi."

"Kweli?"

"Si unaniona?"

Aliniangalia sana. Uso wangu ulikuwa umechangamka kwelikweli, kahawa si mchezo. Akashusha pumzi, akainuka, akairudisha paketi juu ya kabati.

"Basi na mimi nitavuka," alisema. "Kama wewe na kahawa zako umevuka, mimi ni nani nishindwe?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu hawakuiona. Ilianzia pale mlangoni na mpaka leo naitembea.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Shabani asubuhi, mchana na jioni. Jioni hiyo benchi lilikuwa tupu. Yule mzee, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara zake mpaka huku kwetu, hakuwa mtu wa maneno. Unaweza kunywa kwake mwaka mzima usiijue sauti yake. Siku ile aliliweka birika chini.

"Baba Elias, nyumbani wanajua?"

"Wanajua nini, mzee wangu?"

"Kwamba unakunywa."

"Bado."

"Na mama naye ameacha kahawa?"

"Ameacha. Na vidonge vya presha ameacha."

Alinitazama mpaka nikahisi nguo zinanidondoka mwilini.

"Sisi mwezi wa mfungo ukifika, mgonjwa anakula mchana na hakuna wa kumsema," alisema. "Ninyi huyu anayewafungisha mpaka dawa za hospitali ni nani? Inuka, nenda nyumbani sasa hivi. Mwambie umeshindwa. Mwanamume akisema ameshindwa hafi. Mimi nimeshindwa mambo mangapi, na kahawa bado namimina."

"Nitamwambia Jumapili, mzee. Siku tatu si nyingi."

Akaninyang'anya kikombe kikiwa nusu, akakimwaga chini mbele ya miguu yangu. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akimwaga kahawa. "Mpaka umwambie," alisema, "kwangu hupati."

Huyo ndiye mtu mzima pekee aliyenikemea kwa haki, nami nilimkasirikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hilo utalisikia mpaka ulichoke. Ambalo hawakuambii ni kwamba mara nyingine guu linalovunjika si lako.

Ijumaa nikaenda kunywa stendi, kwa muuzaji asiyenijua. Alasiri ilikuwa Njia ya Msalaba. Nilimwambia Yulita apumzike, akakataa, sauti yake ikiwa nzito kidogo, kama mtu aliyetoka usingizini. Kwenye vituo vya mwisho alinishika bega ili asimame. Nilidhani ni uchovu wa mboga zisizo na chumvi. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Jumapili nitatoa ushuhuda kwamba ni wewe uliyenitia moyo. Jumatano nilikuwa nimeshakata tamaa." Nikamwambia haya, twende taratibu. Moyoni nilijiapiza: kesho asubuhi namwambia.

Na asubuhi niliamka na nia hiyo. Nisingekuficha kama nisingekuwa nayo. Yulita alikuwa uani anapepeta mbaazi zetu za akiba, anatoa zilizobunguliwa. Nikasogea, nikakohoa.

"Mama Elias, kuna jambo."

"Subiri," akasema. Kisha akasema, "Mbona ungo unanikimbia?"

Ungo ulikuwa umemtoka mkono wa kulia, mbaazi zimemwagika miguuni pake. Aliuangalia mkono wake kama mkono wa mtu mwingine aliouweka mapajani kwake kwa makosa. Aliponigeukia, mdomo ulikuwa umekwenda upande. Kuku walikuja mbio wakaanza kudonoa mbaazi kati ya miguu yake, na yeye, ambaye hakuwahi kumwacha kuku aguse nafaka, hakuwafukuza.

Nilimpeleka kwa bajaji mpaka hospitali, nimemkumbatia asidondoke. Nesi akauliza, "Vidonge vya presha alikunywa lini mara ya mwisho?"

"Jumapili iliyopita."

"Viliisha?"

"Vipo. Vipo juu ya kabati."

Kalamu yake ikasimama. Nilingoja anitukane. Angenitukana ingenisaidia. Aliandika tu, akaenda.

Jumapili, siku ya saba, nilirudi nyumbani kuchukua kanga na sufuria, nikaikuta jumuiya nzima uani kwangu wamekuja kusali. Sipriani alikuwepo, koti limepigwa pasi. Waliokuwa wamemaliza siku zao saba walikuwa wamekaa mstari mmoja.

"Dawa yangu haina kosa," Sipriani alikuwa anasema. "Waliofuata masharti si hawa hapa wazima? Huyu mama lazima kuna sharti alilivunja."

Mama Fausta akapunguza sauti, ile sauti ya huruma inayokata kuliko kisu. "Yawezekana alionja kitu. Ile kahawa yake ya maziwa alikuwa anaipenda, masikini."

Wote wakanigeukia mimi, shahidi wake.

"Baba Elias, alionja?"

Mdomoni nilikuwa na ladha ya kahawa ya stendi, niliyoinywa asubuhi hiyohiyo nikitoka wodini. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Sikumwona."

Pima neno hilo, Mwanangu. Sikusema hakuonja. Nilisema sikumwona, kana kwamba labda alionja nikiwa kazini. Wakatikisa vichwa. Wakapiga magoti juu ya mbaazi zilizobaki, wakamwombea mke wangu msamaha kwa kuvunja ahadi yake. Nami nikaitikia Amina.

Hiyo ni miaka minne sasa. Sipriani amehama, nasikia huko alikokwenda anauza mafuta ya magoti. Mama Fausta bado ni katibu. Kila Noeli anatuletea sabuni na sukari, anaweka mezani, na machoni pa Yulita hatazami. Mzee Shabani alifariki kabla sijaenda kumwambia kwamba neno lake nilikuwa nalo tayari mdomoni asubuhi ile, likachelewa kwa ungo mmoja. Hao ni wawili niliowataja kwa ubaya, na mmoja kwa wema. Wa tatu wa ubaya ni Bonifasi, fundi baiskeli wa Nakwa, Baba Elias, ninayekusimulia. Sipriani alisema uongo kwa watu asiowajua vizuri. Mimi nilimjua Yulita mpaka namna anavyokohoa.

Kahawa niliiacha Jumapili ileile. Kichwa kiliuma, nadhani. Sikukisikia.

Yulita yuko hai. Upande wa kulia haunyanyuki, na maneno yote yalimtoka, likabaki moja: haya. Ukimuuliza kama atakunywa uji, anasema haya. Ukimwambia mvua inakuja, haya. Elias anapiga simu kutoka Dodoma, "Shikamoo mama," naye anasema haya, na mtoto upande ule analia akidhani sisikii. Daktari alisema huenda maneno mengine yatarudi. Mwaka wa kwanza tuliyangoja. Sasa hatuyangoji.

Kwaresima iliyopita nilivuta kile kigoda nikakaa mbele yake mlangoni, palepale. Nikamweleza yote: benchi, vikombe vitatu, karafuu, stendi, na lile "sikumwona" la uani. Nilieleza polepole ili asikose hata moja. Alikuwa anatazama upande wa Kwaraa.

"Unanisamehe, Mama Elias?"

"Haya," akasema.

Nikafurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kisha hofu ikanishika, nikauliza tena.

"Au unanichukia?"

"Haya."

Sauti ileile. Macho yaleyale. Sijauliza tena, na sitauliza.

Basi nikuusie, Mwanangu, kwa kuwa mimi hakuna tena wa kuniusia. Jambo likikushinda, sema limekushinda, na useme siku hiyohiyo kabla hujavua viatu mlangoni. Usiseme nitasema Jumapili. Kuna mtu ndani ya nyumba anapima nguvu zake kwa kutazama uso wako, na uso wako ukimdanganya atabeba mzigo usio wake mpaka umvunje. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimejifunza kwamba mficha kikombe humuumbua aliyelala naye. Na dawa uliyopewa hospitali usiiache kwa neno la mtu mwenye kopo, hata akiwa na koti jeupe, hata akisimama mbele ya picha takatifu. Rudi kwa aliyekupa ukamuulize yeye. Mungu hakuomba presha ya mtu iwe sadaka. Tuliomtolea ni sisi, kwa kupigiana makofi.

Na kama utapita Nakwa, ukasikia watu wanasema yule mama alianguka kwa sababu alionja, wajibu kwa jina langu. Yulita hakuonja kitu. Siku sita hakuonja hata chumvi. Aliyeonja ni mume wake.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kukiri, na mwenzi wa kukucheka utakapokiri. Akujalie usikie unaitwa kula nyumbani kwako mpaka mvi zikujae. Mimi naomba uniache hapa. Uji wa Yulita umepoa, naenda kuupasha.